Mkono wa Blauzi Ndani ya Mkoba Wangu

Zipu ya mkoba wangu ilikatika meno Jumamosi moja mwezi wa pili, nikaupeleka kwa fundi Magomeni. Ni mkoba mdogo wa kutundika begani, mweusi, uliojaa darizi za uzi mwekundu, wa manjano na wa kijani, na vioo vidogo vinavyometameta ukipita juani. Niliununua Ahmedabad, jimbo la Gujarat, nilipompeleka mama India kwa matibabu ya moyo.

Fundi wangu ni mtu mzima, mchache wa maneno. Alifumua bitana apate kuifikia zipu, kisha akaacha kazi. Akaugeuza mkoba nje ndani, akasogea nao mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya mshono mmoja uliopinda.

"Mwanangu, huu umeununua au umepewa?"

"Nimeununua, mzee."

"Hiki kitambaa hakikukatwa kiwe mkoba. Huu ni mkono wa blauzi. Tazama, kwapa ilikaa hapa."

Nikainama kutazama. Ulikuwa mkono kweli, mfupi, umefumuliwa na kulazwa. Penye mkunjo wa kwapa weusi wa kitambaa ulikuwa umechujuka ukawa kahawia, vile nguo inavyochujuka ikivaliwa sana mahali penye joto.

Jasho la mtu.

Fundi akaniuliza kama airudishie bitana. Nikamwambia asubiri kwanza. Nilirudi nyumbani na mkoba ukiwa tumbo wazi, na hii ni wiki ya saba sijapata utulivu nao.

Jioni ya Law Garden

Aliyewahi kuuguza India anazijua siku zile. Asubuhi vipimo, mchana foleni ya malipo, jioni umekaa kwenye kiti cha plastiki ukihesabu matone ya dripu. Siku ya nne mama mwenyewe alinifukuza. "Nenda ukaone watu, usije ukaugua na wewe." Nikapanda bajaji, maana kule ndiko kwao bajaji, nikashushwa Law Garden.

Zilikuwa zimebaki wiki chache kufika Navratri, zile siku tisa ambazo Wagujarati hucheza garba usiku, kwa duara. Barabara nzima ilikuwa nguo. Chaniya, sketi za marinda mengi, zimetundikwa zikiwa zimefunguka kama miavuli. Choli, blauzi fupi zinazofungwa kwa kamba mgongoni. Odhni, mitandio yenye pindo la darizi. Nikamwona binti mmoja akijaribu chaniya juu ya suruali yake. Akazunguka mara moja tu, sketi ikafunguka, na kila kioo kikashika taa kwa zamu yake. Nilisimama pale nikaisahau hospitali kwa nusu saa nzima.

Mwisho wa safu palikuwa na meza ya vitu vidogo: foronya, mikanda, mikoba. Nikapiga picha niwatumie dada zangu. Muuzaji akanitolea mikoba miwili inayofanana. Akataja bei ya mmoja, kisha akanionyesha kwa vidole kwamba nikichukua yote miwili atapunguza. Nikamwambia mmoja unatosha.

Alikuwa akirudia neno moja: purana, purana. Nilijua maana yake ni kitu cha zamani, nikalichukulia kuwa sifa ya bidhaa.

Sikuuliza ilikuwa ya zamani ya nani.

Upande wa ndani

Mama yangu ametulea kwa vitambaa. Kwa wasiokumbuka, ni vile vya kufumwa na vya kudarizi, vya kuweka juu ya makochi na redio, ambavyo kina mama wa mtaa walikuwa wakivishona barazani jioni na kuvipeleka harusini. Mama hanunui kitambaa kilichodariziwa bila kukigeuza. Mbele, anasema, kila mtu anajitahidi. Mimi mkoba wangu nilikaa nao mwaka mzima na zaidi bila kuugeuza.

Sasa nikauweka chini ya taa, nikaanza kuusoma kwa nyuma.

Kioo hakina tundu. Huwezi kukishona kama kifungo. Mshonaji anakilaza juu ya kitambaa, anapitisha nyuzi juu yake zikikatizana, mbili hivi, mbili hivi, hadi zimekibana. Halafu anaanza kuzunguka ukingoni kwa mshono mnene, akizivuta zile nyuzi za kwanza kidogo kidogo zielekee pembeni, mpaka katikati pafunguke na kioo kibaki kimekamatwa ndani ya pete ya uzi. Hakuna gundi. Nilizihesabu pete: 31. Moja haina kitu. Kioo chake kimedondoka, pete imebaki imefumba.

Nikatafuta kujua zaidi, usiku baada ya usiku. Njia zote zikanirudisha Kutch, pembe ya magharibi kabisa ya Gujarat, nchi kavu iliyobanwa kati ya bahari, jangwa la chumvi na mpaka wa Pakistan. Kule kila jamii ina mwandiko wake wa sindano. Wasodha hushona suf: pembetatu tupu, bila kuchora chochote, wakihesabu nyuzi za kitambaa kwa upande wa nyuma. Wamutwa hutumia vioo vidogo sana, utadhani mbegu. Wajat wa Garasia hujaza kifua cha gauni lao refu, churi, kwa mishono ya msalaba hadi kitambaa chenyewe hakionekani.

Na wapo Warabari, wafugaji wa ngamia na kondoo, ambao wanawake wao hujifunika mtandio mweusi wa sufu. Hao huchora umbo kwanza kwa mshono wa mnyororo, kisha hupanga vioo vya kila sura: duara, mraba, pembetatu, hata cha mfano wa mdomo wa ndege. Na mahali vipande vya blauzi vinapokutana, pale ambapo fundi mwingine angeuficha mshono, wao huupamba kwa kazi yake maalumu iitwayo bakhiya.

Ule mshono uliopinda, ambao mzee wa Magomeni aliupitishia kidole, ulikuwa umepambwa.

Mambo haya nilikuwa nimeyapita karibu nikiwa kule kule. Siku mbili kabla ya kurudi nilipata nafasi ya kuingia Calico Museum, makumbusho ya nguo yaliyoanzishwa Ahmedabad mwaka 1949, ambako watu wachache huingizwa kwa miadi. Nilitembea kimya mbele ya vitambaa vilivyowekwa kwenye mwanga hafifu ili rangi isiliwe. Mkoba wangu niliuacha mlangoni, pamoja na simu.

Kikachi cha dukani

Kutch haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Mandvi, bandari yake, ndiko zilikotoka jahazi nyingi zilizoshuka na kaskazi hadi Zanzibar na Mombasa na kurudi na kusi. Neno letu kudarizi lina undugu na darzi, fundi wa nguo wa India. Nilipokuwa mtoto, mama mwenye duka mtaani kwetu alikuwa akiongea na mumewe lugha ambayo sote tuliita Kihindi. Nimekuja kujua ukubwani kwamba kilikuwa Kikachi, lugha ya Kutch. Miaka yote ile alitupimia sukari na mafuta ya taa, na hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi, au mama yake alikuwa akivaa nini.

Mwaka 1995

Nilipofika hapa ndipo kichwa kilipoanza kuniuma.

Kwa Warabari wa kundi la Dhebaria, bibi harusi alikuwa haendi kwa mumewe mikono mitupu. Alitakiwa awe na nguo na vifaa vilivyodariziwa, kazi ya mikono yake na ya mama yake: blauzi, sketi, mitandio, mifuko, mapambo ya kutundika nyumbani. Ndoa ilikuwa inaweza kufungwa mapema, lakini binti anabaki kwa wazazi hadi mzigo ukamilike. Kadiri miaka ilivyokwenda, upande wa mume ukawa unataka zaidi. Vipande vikaongezeka, na vioo na maua ndani ya kila kipande. Mabinti wakawa wanakaa kwa wazazi miaka na miaka, ndoa imefungwa, sindano mkononi.

Mwaka 1995 wazee wa Dhebaria wakapiga marufuku. Wanawake wao wasivae tena darizi za jadi, wala zisiwe sehemu ya vitu vya harusi.

Nilisoma hivyo saa sita usiku nikasimama kabisa kwenye kiti.

Niliandika makala hii usiku ule ule, kwa hasira. Kurasa nne za jinsi wanaume walivyokaa kikao wakazima sanaa ya wanawake ambayo hawakuwahi kuishika kwa vidole vyao. Niliandika kwamba mtu akinyang'anywa mwandiko wake amenyang'anywa jina. Niliamini kila neno. Asubuhi nikaisoma kabla ya kuichapisha, na katikati ya ukurasa wa pili nikamkumbuka binamu yangu wa Buguruni.

Nikaifuta yote.

"Ningevaa nini?"

Mwaka jana tulimfanyia sendofu binti wa kaka yangu. Mimi ni shangazi, nikawekwa kwenye kamati. Bi harusi alivaa lehenga ya kukodi, nyekundu, nzito, lebo ya ndani imeandikwa Surat, mji wa Gujarat. Alipendeza hadi machozi yalinitoka. Mnajua ilivyo siku hizi, sendofu bila vazi la Kihindi watu wanaiona haijakamilika.

Shangazi na mama wadogo tulikuwa na sare yetu. Kitambaa nilikichagua mimi: lesi yenye darizi za mashine na mawe ya kung'aa. Elfu tisini, bila ushonaji. Mtu mmoja kwenye kikundi chetu cha simu aliuliza kwa adabu kama hakuna cha bei ya chini. Nilimjibu kwamba siku ni moja tu, tusimwaibishe mtoto.

Binamu yangu anauza chakula Buguruni. Siku ya sendofu alituma mchango wake wa elfu kumi na ujumbe kwamba mguu unamsumbua. Jumatatu yake nilipita kwake nimpelekee keki. Nikamkuta amebeba ndoo kichwani, anatembea vizuri tu.

Nikamuuliza mguu unaendeleaje. Hakunidanganya mara ya pili.

"Dada, ningevaa nini?"

Sikuwa na jibu wakati ule na sina leo. Ninachojua ni kwamba kwenye ukoo wetu hakuna mzee, mwanamume wala mwanamke, aliyeweza kusimama akasema basi, sare tumezifuta. Kila mmoja analalamika chumbani, na kila mmoja anachanga. Warabari walisema basi. Kuna mabinti waliokwenda kwa waume zao mwaka ule kwa sababu wazee walisema basi.

Ndiyo maana hasira yangu ya saa sita usiku ilinishinda kuichapisha.

Lakini hata hivyo sijaridhika. Kilichokuwa ghali pale si uzi wala kioo. Ghali ilikuwa tamaa ya wakwe, na tamaa haikupigwa marufuku kwa jina lake. Kilichozuiwa ni kile kilichotoka mikononi mwa wanawake. Na yapo mambo ambayo kikao hakiwezi kuyaona. Nimejiuliza mara nyingi kama hakuwepo binti aliyeshona polepole makusudi, akafumua ua na kulirudia, apate mwaka mmoja zaidi kwa mama yake. Kwa binti kama huyo blauzi isiyoisha ilikuwa kinga. Marufuku ilimfungulia mlango ambao hakuugonga.

Nayashika yote mawili. Siwezi kuacha moja ili nilale.

Riboni

Wanawake wa Dhebaria hawakukaa bila pambo. Walichokatazwa ni darizi ya mkono. Riboni na pindo za dukani hazikutajwa. Wakaenda sokoni wakanunua kanda za rangi, za mawimbi, za kung'aa, wakazipanga juu ya kitambaa na kuzishona kwa cherehani, safu kwa safu, mpaka kwa mbali unaona ule ule mpangilio wa zamani. Kazi ile inaitwa hari jari. Mwenzao mmoja, Pabiben Rabari, akaitumia kutengeneza mikoba, na mkoba wa Pabi ukajulikana nje ya Kutch hata nje ya India. Nimetazama picha zake kwa muda mrefu. Ni kazi changamfu, haiombi radhi, na inashonwa kwa saa badala ya miaka.

Napenda hari jari kuliko nilivyotegemea.

Darizi yenyewe nayo haikufa, kwa maana marufuku ilihusu matumizi yao wenyewe. Kushona kwa ajili ya kuuza kuliendelea. Tangu 1969, wakati wa ukame, Chanda Shroff alikuwa amefika kijiji cha Dhaneti na kukuta wanawake wasiotaka sadaka, akawapa kazi ya sindano kwa malipo; hapo ndipo Shrujan ilipozaliwa. Kala Raksha ikafuata 1993, katika kijiji cha Sumrasar Sheikh. Taasisi za namna hii zimewapa wanawake wa jamii nyingi fedha za mikono yao, na nitawatetea mbele ya yeyote anayesema sanaa ikiuzwa imechafuka.

Hata hivyo ipo sentensi moja inayonichoma kila nikiirudia: mwanamke wa Dhebaria anaweza kumshonea mteja wa Mumbai kile ambacho yeye mwenyewe haruhusiwi kuvaa.

Basi ile mizigo ya zamani, iliyokuwa imeshakamilika kabla ya 1995, ilikwenda wapi? Wafanyabiashara walikuwa wakipita vijijini kununua darizi kuukuu hata kabla ya hapo, hasa miaka ya ukame. Kisha tarehe 26 Januari 2001 likaja tetemeko lililoangusha Bhuj, mji mkuu wa Kutch, na vijiji vyake na kuua maelfu ya watu. Aliyepoteza nyumba huuza kilichobaki sandukuni.

Hapa ndipo ninapokwama na mkono wangu wa blauzi. Naweza kumwona mwenye nguo akiiuza kwa kulia, mabati hayajapatikana na mvua inakuja. Naweza pia kumwona akiiuza kwa furaha, mzigo ule umemkalisha miaka nane, akashika noti na kusema uende. Nilikuwa nataka sana awe wa kwanza. Ingenipa mtu wa kumhurumia. Wa pili hahitaji huruma yangu.

Jambo moja tu sina shaka nalo. Kuuza nguo nzima ni haki ya mwenye nguo. Aliyeshika mkasi akaikata mikono, akaigeuza mikoba na kuufunika mshono wa kwapa kwa bitana mpya, alifanya hivyo ili mimi nisijue kwamba palikuwa na mtu.

Inchi tisa na nusu

Juzi nilirudi kwa fundi, nikamwomba aufumue mkoba wote. Alifanya kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akikataa kuharakishwa na wateja wengine. Alipomaliza akakunjua kile kipande cha mbele, akakirudisha kwenye umbo lake la mviringo, akapima kwa futi yake ya kitambaa.

"Inchi tisa na nusu. Huyu ni msichana."

Akabana ukingo kwa mishono michache mirefu ya kushikiza, mkono ukawa mkono tena. Hakutaka pesa.

Nikaupeleka kwa mama, nimeufunga ndani ya kanga. Mama sasa anatembea hadi sokoni na kurudi, tunamshukuru Mungu. Akavaa miwani. Akaugeuza kwanza, kama nilivyojua angefanya, akasoma nyuma kwa muda mrefu bila kusema. Akagusa ile pete isiyo na kioo. Akaingiza mkono wake mwenyewe ndani. Ukapita kwenye kiganja kwa shida, ukafika katikati ya kigasha, ukagoma. Akautoa taratibu ili asikate uzi.

"Kazi ya mtu mwenye subira," alisema. Halafu akaniuliza, "Na mwenzake uko wapi?"

Sikumwelewa.

"Mkono wa pili, mwanangu. Blauzi ina mikono miwili."

Nikafungua simu, nikarudi nyuma kwenye picha hadi ile jioni ya Law Garden. Foronya, mikanda, kiwiko cha muuzaji. Na juu ya meza, kwenye msumari mmoja, mikoba miwili myeusi, maua ya huu yameelekea kulia, ya ule yameelekea kushoto.